Kisu Kimepita Kwenye Mkanda na Bado Hakikati: Tafuta Kosa Lilipo

Kisu cha jikoni kikianza kuteleza juu ya ganda la nyanya, wengi wetu hushika kilicho karibu: kizingiti cha saruji, kitako cha kikombe, mkanda wa suruali, hata gazeti. Kila kimoja kina kazi yake, na kikitumika mahali pa mwenzake kinaharibu. Mimi napika kwenye shughuli hapa Tanga, harusi, maulidi na hitima, na siku ya shughuli vitunguu ni gunia zima. Wasaidizi wangu huja na swali lilelile kila mwaka: "Nimekipitisha kwenye ngozi kama ulivyonionyesha, mbona kimekuwa kibaya kuliko mwanzo?" Nimeandika haya kwa ajili yao na kwa yeyote anayepambana na kisu chake nyumbani.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kunoa ni kuondoa chuma kwenye jiwe mpaka pande mbili za kisu zikutane kwenye mstari mmoja mwembamba. Zikishakutana, jiwe huacha ukingoni kijichuma chembamba kilichojikunja upande mmoja. Hicho nitakiita mkunjo. Kazi ya ngozi, kitambaa au karatasi ni kuunyoosha na kuuondoa mkunjo huo, na kulainisha mikwaruzo ambayo jiwe limeacha. Hiyo ndiyo naita kupangusa, maana ndivyo mkono unavyofanya: mgongo wa kisu unatangulia, makali yanafuata nyuma, kama mtu anayefuta meza. Kupangusa kunamalizia makali yaliyopo. Makali yasiyokuwapo hayawezi kuletwa na mkanda.

Kwanza kikague kisu

Usiguse mkanda wala jiwe kabla ya kujua kisu kina nini. Kioshe, kikaushe, kisha kaa chini ya taa moja tu, balbu ya jikoni au tochi ya simu. Geuza makali yaelekee juu, uyatazame kwa mstari, halafu kiinamishe kisu polepole huku na huku. Makali mazuri hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Palipokufa utaona uzi mweupe unaong'aa. Palipomeguka utaona nukta inayometa kama chembe ya chumvi. Msaidizi wangu mmoja, mara ya kwanza nilipomwonyesha hivi, kisu chake kilikuwa na uzi mweupe kuanzia katikati hadi karibu na mpini, lakini kuelekea kwenye ncha hapakuonekana kitu. Akanyamaza, kisha akasema, "Ndiyo maana mimi hukata kwa ncha tu." Mkono wake ulishajua. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa hajui.

Baada ya macho, tumia kidole. Weka gumba kwenye bapa la kisu, ulivute kutoka mgongoni kuelekea makali mpaka litoke nje ya kisu. Usilipitishe kamwe kwa urefu wa makali. Fanya hivyo pande zote mbili. Upande mmoja ukikwaruza na wa pili ukawa laini, mkunjo upo, na umelalia upande unaokwaruza. Kama kidole chako kimekomaa kwa kazi na hakihisi tena, tumia kipande cha pamba. Mkunjo unanasa nyuzi za pamba, nawe utaziona zimebaki zikining'inia palepale ulipo.

Uzi mweupe maana yake ni jiwe, si mkanda. Mkunjo bila uzi mweupe maana yake umekaribia, bado kumalizia. Kama hakuna uzi wala mkunjo na bado kisu hakishiki nyanya, tatizo ni la aina nyingine, nitalifikia.

"Nimekipangusa mara hamsini, hakikati kitu"

Sababu ya kwanza, na ndiyo ninayoikuta mara nyingi kuliko zote: kisu ni butu na hakijawahi kufika kwenye jiwe. Ngozi haina uwezo wa kuondoa chuma kiasi cha kuzifanya pande mbili zikutane. Ukipangusa kisu butu mara mia unapata kisu butu kinachong'aa.

Rudi kwenye kinoo. Kama nyumbani hamna kinoo, pindua kikombe au sahani nzito ya udongo uliochomwa. Chini utakuta duara lisilopakwa rangi ya kung'aa, linakwaruza kidogo ukiligusa. Udongo ule ni mgumu kuliko chuma cha kisu na unanoa kweli. Ulowanishe, weka kikombe juu ya kitambaa kibichi kisiteleze, fanya kazi taratibu. Kizingiti cha saruji nacho kinanoa, kwa sababu ya mchanga uliomo, ila chembe zake hazilingani: moja kubwa, nyingine ndogo, nyingine inang'oka na kukwaruza bapa. Kwa panga la kufyekea hakuna neno. Kwa kisu cha kachumbari utaleta makali yenye mapengo.

Noa upande mmoja mpaka uusikie mkunjo upande wa pili, kwa urefu wote, kutoka karibu na mpini hadi kwenye ncha. Hapo ndipo ugeuze. Mkunjo ndio ushahidi kwamba pande zimekutana, na mtu asiyeusubiri anaacha kazi nusu. Subira ya hapa ndiyo inayotofautisha kisu cha mpishi na kisu cha droo.

Sababu ya pili ni ngozi tupu. Mwaka 2004 John Verhoeven, profesa wa metali wa Chuo Kikuu cha Iowa State huko Marekani, alitoa majaribio yake ya kunoa visu ambamo aliyapiga picha makali kwa hadubini ya elektroni. Ngozi tupu haikufanya mengi kwenye mkunjo uliotoka kwenye jiwe. Ngozi iliyopakwa dawa ya oksidi ya kromiamu iliuondoa na kulainisha makali waziwazi. Nilipoanza kupaka dawa niliona tofauti hiyo kwa macho yangu jikoni. Oksidi ya kromiamu ni ile rangi ya kijani iliyomo kwenye vipande vigumu mfano wa sabuni ambavyo mafundi wa kung'arisha chuma hutumia kwenye mashine zao. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa. Ukikikosa, dawa ya maji ya kung'arishia shaba na fedha inasaidia: paka kidogo, iache ikauke kwanza. Hizo zote si chakula, kwa hiyo kisu kioshwe kwa sabuni kabla hakijagusa kitu cha kuliwa.

Watu huniuliza kuhusu dawa ya meno. Baadhi zina chokaa ambayo ni laini kuliko chuma. Zinaondoa madoa kwenye bapa, ndiyo maana kisu hupendeza, lakini makali hayajui kama kuna kilichopita.

"Kilitoka kwenye jiwe kikali, mkanda umekiua"

Hili linauma kuliko yote kwa sababu kazi ilikuwa imeshafanyika. Na mara zote ninazolichunguza, kosa liko kwenye mkono au kwenye ulaini wa kitu kilichotumika.

Nilipokuwa mdogo babu yangu alikuwa kinyozi. Mkanda wake wa ngozi ulining'inia kwenye msumari ukutani, naye aliuvuta kwa mkono wa kushoto ukakaza, akapitisha wembe wa kukunja kwenda na kurudi bila hata kutazama. Nilikua nikiamini kwamba ndivyo kila chenye makali kinavyopanguswa. Nilipojaribu kwa kisu cha jikoni nilikiharibu, nikarudia, nikakiharibu tena. Ilinichukua muda kuelewa tofauti. Wembe wa kukunja una mgongo mnene, na kinyozi anaulaza bapa kabisa: mgongo na makali vyote vinagusa ngozi kwa pamoja, kwa hiyo wembe wenyewe unajipimia mwinamo. Kisu cha jikoni ukikilaza hivyo makali hayagusi kitu. Lazima ukiinue wewe, na ukishakiinua hakuna cha kukushikia mkono. Halafu mkanda unaoning'inia unabonyea. Kisu kinazama, ngozi inapanda nyuma yake na kuyakumbatia makali, na kila mpito unayazungusha kidogo. Ukifika mara ya ishirini ile pembe iliyochongwa na jiwe imekuwa mviringo.

Kwa hiyo ulaze mkanda. Ugandishe kwenye ubao ulionyooka kwa gundi ya mbao, uweke chini ya vitabu vizito usiku mzima. Kwenye mitumba utapata mikanda ya ngozi halisi kwa bei ndogo, lakini iangalie kwanza kwenye ncha iliyokatwa. Ngozi halisi inaonyesha nyuzinyuzi kutoka juu hadi chini. Ikiwa na tabaka la kitambaa, au kitu kama karatasi iliyogandishwa, hiyo ni reksini au ngozi ya vumbi, itachubuka ndani ya wiki. Epuka mkanda ulioshonwa pembeni au wenye michoro iliyobonyea. Upande wa ndani wenye nyuzinyuzi unashika dawa vizuri, upande laini ni wa kumalizia bila dawa. Suruali ya jinzi kuukuu nayo inafaa sana: kata kipande, kivute kikaze juu ya ubao, kipigilie misumari upande wa chini. Usiikunje ikawa tabaka nne. Tabaka nyingi ni mto, na mto ni adui wa makali.

Gazeti ni zuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ni jembamba. Zungushia kinoo chako karatasi moja au mbili, zikaze kwa mkono, pangusa juu yake. Jiwe lililo chini linazuia kubonyea. Nikiwa safarini kwenye shughuli za mbali situmii kingine.

Sasa mwinamo. Visu vingi vya jikoni vinavyouzwa kwetu vimechongwa karibu digrii 20 kila upande, na vile vyembamba vya Kijapani karibu 15. Kama bapa la kisu chako lina upana wa sentimita 4, ukiinua mgongo kwa takriban sentimita 1.4 umepata digrii 20. Ukiinua sentimita 1 umepata kama 15. Anza na mwinamo uleule uliotumia kwenye jiwe, au chini yake kidogo. Usizidishe. Ukitaka kujua mkono wako unafanya nini, paka wino wa maka peni kwenye makali pande zote mbili, pangusa mara tano, tazama chini ya taa. Wino ukiwa umeondoka juu tu, mbali na makali, umelaza kisu mno na hujagusa panapotakiwa. Ukiwa umeondoka kwenye kistari chembamba cha mwisho kabisa na kwingine kote umebaki, umeinua mno. Unataka uondoke kwenye mteremko wote hadi mwisho.

Nguvu. Uzito wa kisu chenyewe na kidogo juu yake unatosha. Weka ubao wako juu ya mizani ya jikoni, irudishe kwenye sifuri, kisha pangusa huku mtu mwingine akisoma. Kwangu mimi, ikipita gramu 300 nimeshakandamiza. Wanaoshtuka zaidi na jaribio hili ni wale wanaoamini mkono wao ni mwepesi.

Na kuna kosa dogo la mwisho wa mpito ambalo nimelikuta hata kwa watu wazoefu. Mtu anapofika mwisho wa mkanda anazungusha kifundo cha mkono ili ageuze kisu, na makali yanaviringika juu ya ngozi kabla hayajaachana nayo. Mpito mzima ulikuwa sahihi, sentimita ya mwisho imeuharibu. Simama kwanza, kiinue kisu kiachane na ngozi kabisa, geuza hewani kwa kuupitia mgongo, kisha rudi.

"Kinakata karatasi vizuri, kinateleza kwenye nyanya"

Hapa ndipo hakuna uzi mweupe na hakuna mkunjo. Kisu kimepanguswa kupita kiasi. Ganda la nyanya linataka makali yenye vijimeno vidogo visivyoonekana vya kulishika, na vijimeno hivyo ni alama za jiwe. Ukipangusa kwa dawa mpaka makali yang'ae kama kioo, umevifuta. Kwa kisu cha kupasulia nyama mbichi ya samaki au kuchuna minofu, mng'ao huo ni mzuri na mimi nautaka. Kwa kachumbari hapana, hasa kwenye visu vya bei nafuu ambavyo chuma chake ni laini: mng'ao wenyewe haudumu na meno umeshayapoteza.

Kirudishe kwenye jiwe, upande wa chembe kubwa ukiwapo, mipito mitatu au minne kila upande kwa mkono mwepesi sana. Kisha pangusa kwenye gazeti au jinzi bila dawa, mara tano tu kila upande. Jaribu kwenye nyanya iliyoiva, kisu kikiwa kimelazwa juu yake bila kusukumwa chini. Kikivutwa tu ganda linafunguka.

Ila kuna kisu kinachofanana na hiki lakini ugonjwa wake mwingine. Kinakata karatasi ukikivuta, ukikisukuma kinakwama au kinachana. Huo ni mkunjo uliosimama wima. Usikichanganye na mng'ao. Rudi kwenye pamba.

"Makali hayafiki jioni"

Asubuhi kinanyoa, mchana kimekufa. Anza na huo mkunjo uliosimama wima. Mkanda uliunyoosha ukasimama badala ya kuuondoa, na ukisimama unakata kama wembe, kwa sababu ni mwembamba kweli. Kisha unagusa ubao mara hamsini, unalala. Dawa yake iko kwenye jiwe, si kwenye mkanda: punguza nguvu mwishoni, mpito mmoja upande huu, mmoja upande ule, makali yakitangulia, wepesi kama unamenya ganda la yai. Mkunjo ukiwa mkubwa na mkaidi, vuta makali mara moja au mbili kwenye kizibo au ubao laini kama unaukata, kisha rudia mipito myepesi ya jiwe kabla ya kupangusa. Usiruke hatua ya jiwe hapo, kwa sababu ulichofanya ni kuukata mkunjo, na panapokatika pamebaki pamechanika.

Sababu nyingine ni moto. Mafundi wa kunoa visu wanaozunguka na baiskeli mitaani wametuokoa wengi, na fundi mzuri hukichovya kisu majini kila mara. Lakini jiwe kavu linalozunguka kasi likiachiwa kidogo tu, ukingo unaungua, maana ni mwembamba na hauna pa kupeleka joto. Kwenye chuma cha kaboni, kile kinachoshika kutu, rangi inakuambia: manjano ya majani makavu ni karibu digrii 220 za Selsiasi, buluu ni karibu 300, na buluu maana yake ugumu umeshapungua sana. Nilirudishiwa kisu changu cha kukatia nyama kikiwa na utepe wa buluu karibu na ncha, na kwa miezi pale palikuwa panakufa kabla ya pengine. Hakuna mkanda unaotibu hilo. Noa kwa mkono, kwa maji, mpaka chuma kilichoungua kiishe. Kinaisha polepole, kunoa baada ya kunoa.

Angalia pia unakatia juu ya nini. Sahani, kaunta ya mawe, ubao wa kioo, chini ya sufuria, vyote vinaua makali kwa siku moja. Ubao wa mti au plastiki laini ndio unaofaa, na kisu kisitupwe kwenye beseni pamoja na vijiko. Usidhani kitu laini hakiwezi kudhuru chuma: mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walionyesha kwamba unywele, ulio laini kuliko chuma cha wembe kwa takriban mara 50, unaweza kuumegua ukingo wake unapoupiga kwa pembe fulani pale chuma kisipolingana. Kama unywele unaweza, mfupa wa kuku je?

Na kuna visu ambavyo ndivyo vilivyo. Chuma kikiwa laini, makali yanalala upesi, na pia yananyooka upesi. Kisu cha namna hiyo kipangusie kwenye jinzi kila baada ya kazi ya saa moja, mara sita kila upande. Huo si udhaifu wako, ni matunzo yake. Visu vinavyofuliwa na wahunzi wetu kutokana na springi za gari ni habari nyingine. Vikipozwa vizuri vinashika makali kwa muda mrefu, na ndivyo ninavyovipenda.

"Ncha inakata, katikati haikati"

Ama umepangusa kwa kuvuta moja kwa moja na sehemu ya katikati na karibu na mpini ikabaki nje ya mkanda, ama ubao wako umepinda. Weka rula juu ya ubao utazame mwanga chini yake. Makali ya kisu yakiwa yamepanda juu kuelekea kwenye ncha, inua mpini kidogo kidogo kadiri unavyokaribia ncha, makali yabaki yanagusa ngozi wakati wote. Karibu na mpini ndipo watu husahau, tena ndipo kitunguu kinapokatwa.

"Mkanda umejaa mikato"

Umesukuma makali mbele. Au umekiinua mno. Au mkunjo ni mkubwa hivi kwamba unakwangua ngozi, na hapo utaona vijinyuzi vya chuma vimenata juu yake. Mikato midogo isikusumbue, ipitishie msasa mwepesi na uendelee. Mkato mrefu ulioinua ngozi ubandike kwa gundi au ukate kipande hicho ukitupe, kwa sababu kila utakapopita hapo utanasa.

"Bapa limechubuka mikwaruzo"

Ni mchanga. Sisi wa pwani tunaishi nao: umo kwenye mifuko ya jinzi, kwenye mshono, kwenye mkanda uliovaliwa ufukweni. Fua jinzi, ikaushe, ikung'ute kabla ya kuipigilia. Boksi la katoni lina tatizo hilo kwa asili yake, kwa kuwa mengi hutengenezwa kwa karatasi zilizorudiwa, na ndani yake kuna vumbi na chembe ngumu. Mtu yeyote anayefungua maboksi dukani anajua jinsi kisu chake kinavyoisha. Ukitaka kutumia boksi, chukua lile jembamba la sabuni au biskuti, upande wa ndani usio na maandishi, paka dawa, na likishachakaa litupe. Usitumie kiganja cha mkono wala paja kama ulivyoona kwa mtu. Nimefunga jeraha la namna hiyo mara moja, na inatosha.

"Dawa imekuwa nyeusi"

Weusi ni chuma cha kisu chako, ishara kwamba dawa inafanya kazi. Ikishakuwa tabaka linalong'aa na kuteleza ndipo haishiki tena. Ikwangue kwa mgongo wa kisu butu, paka upya kidogo. Wingi wa dawa hauongezi kitu. Unatengeneza tope linalobonyea, na tumeshaona kubonyea kunafanya nini.

Kisu cha kuchinja

Wiki ya Idd el-Hajj huletewa visu kutoka nyumba za jirani, nami huvifanya kwa moyo wote, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ameagiza anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Kwa kazi hiyo mkunjo hausameheki hata kidogo: utakuwa mkali kwa mpito wa kwanza na kulala kwenye wa pili. Kikague kwa pamba kwa urefu wote mara mbili, usiku na tena asubuhi. Jaribu kwenye karatasi kwa kuvuta mkono mzima kutoka mpini hadi ncha bila kusimama. Popote karatasi inapokwama, hata kidogo, weka alama ya wino na urudi kwenye jiwe pale tu.

"Kimetoka vidoa vyekundu usiku kucha"

Kwenye visu vya springi na vingine visivyo vya chuma kisichoshika kutu hii ni kutu, na hudhuru upesi kwenye makali ambako chuma ni chembamba. Hewa yetu ina chumvi, ndimu ina asidi, na ngozi iliyohifadhi unyevunyevu inamalizia kazi. Usirudishe kisu juu ya mkanda kikiwa kibichi, wala usikihifadhi kwenye ala ya ngozi. Kikaushe, kipake mafuta ya nazi kwa kidole kutoka mgongoni kuelekea makali, kifunge kwenye gazeti kavu. Vidoa vikiwa vimeshatoka, mipito kumi kwenye mkanda wenye dawa inaviondoa vikiwa vichanga. Vikishachimba vishimo, utaviona kwenye taa kama zile nukta za chumvi, na kazi inarudi kwenye jiwe.